Mfuko wa Shuka la Baba

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Wanaonijua watasema najivuna, na kama ni majivuno basi nimeyatolea jasho. Shule niliishia darasa la tano. Leo nina mashine mbili za kukoboa mpunga, malori matatu, na nyumba ya wageni pale Kalangalala, Geita mjini, yenye vyumba kumi na vinane, kila chumba na choo chake ndani. Nimeona mtu akipata dhahabu Jumanne, Ijumaa anaomba nauli. Nimezika mchana watu niliokunywa nao chai asubuhi. Kwa hiyo nikisema dunia hii ilikuwa haina tena cha kunishtua, nilikuwa na haki ya kusema.

Halafu mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na binti yangu wa pili akaamua kwamba mfuko wa sokoni hanunui, atashona mwenyewe. Akashusha mashuka yetu ya zamani kabatini, akakaa nayo sebuleni Jumamosi moja, sindano mkononi. Mimi nilikuwa natazama mpira. Alipomaliza kushona kamba ya mfuko wa kwanza hakujisumbua kutafuta mkasi, aliwasha kiberiti akachoma ncha ya uzi. Harufu ile ikanifikia kwenye kochi. Na mimi, mwenye malori matatu, nikainuka, nikatoka nje, nikashika ukuta. Mke wangu akanifuata, akauliza kama ni presha. Nikamwambia ni chakula cha mchana.

Haikuwa chakula. Nyie wa rika langu mliokulia kwenye nchi ya pamba mnaijua harufu hiyo. Uzi wa nailoni ukiungua unanuka kama tairi. Wa pamba unanuka kama karatasi, kama majani makavu, harufu ndogo tu, ya upole, haina fujo. Mimi niliijua nikiwa mtoto wa darasa la tatu, nimejilaza kwenye mkeka mchana, najifanya nimesinzia ili nisitumwe.

Tulikaa nje kidogo ya Tinde, ukiiacha barabara kubwa na kufuata njia ya ng'ombe. Baba alilima pamba kama kila mtu, na kama kila mtu akachoka nayo. Miaka ile habari ya Geita ilikuwa midomoni mwa watu wote. Fulani kaenda bila viatu, karudi na baiskeli na redio. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisikiliza msimu mmoja, msimu wa pili akafunga mzigo.

Nyumbani kulikuwa na shuka moja la maana. Lilikuwa zito, jeupe lenye mistari ya bluu, baba alilinunua kwenye duka la Mhindi pale Shinyanga mjini mwaka aliomwoa mama. Lilikuwa pana kiasi kwamba sisi watoto tulijificha ndani yake likianikwa. Siku ya safari mama alilikata katikati kwa mkasi wa kuazima, akakunja pindo vizuri, akampa baba nusu. Nusu ikabaki kitandani. Baba akamwambia, "Basi bado tunalala shuka moja," na mama akacheka huku ameugeuza uso, maana mimi nilikuwa nimesimama pale. Kisha baba akanigeukia mimi, akasema akirudi ataniletea begi la shule. La nguo, lenye kamba ya kuvaa begani.

Ilikuwa ahadi kubwa kuliko mnavyofikiri. Daftari zangu nilizibeba kwenye mfuko wa nailoni uliochanika chini, na mvua ikinyesha hesabu zangu zilikuwa uji. Kulwa, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa na begi la mjomba wake wa Kahama, na hakuacha siku ipite bila kunionyesha jinsi linavyofungwa.

Baba alikaa huko karibu mwaka. Alituma salamu mara tatu, na sukari mara moja. Kisha alasiri moja akaja Luhende, rafiki yake waliyechimba naye. Nakumbuka kope zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi, kama mtu aliyepakwa rangi. Aliamkiana na mama salamu ndefu, ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, ya watoto mmoja mmoja. Mimi nikatumwa kwa mbuzi. Niliporudi nilimkuta mama amekaa palepale, Luhende ameinamia kikombe, na baba mkubwa Nkwabi, kaka yake baba, amekuja na yeye amekaa. Hakuna aliyekuwa analia. Kijijini kwetu mtu akifa unasikia ukunga kabla hujasikia jina. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba kila kitu kiko sawa.

Sasa niwaeleze kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua siku ile. Duara walilokuwa wakichimba, yaani shimo lenyewe, lilikuwa limeanguka, na baba alikuwa chini. Wenzake walifukua siku nne, kila wakifukua kuta zinaporomoka tena, mpaka mwenye duara akasema basi, nisije nikapoteza na wengine. Mwili haukutoka.

Kwa ukoo wetu, na sisemi kwa Wasukuma wote maana kila ukoo una mambo yake, mtu akipotea mahali ambapo mwili hauwezi kutoka, hamlii. Kwanza mnaleta udongo wa pale alipolala. Udongo ule unazikwa nyumbani kama mtu, kaburi kamili, ndipo kilio kinafunguliwa. Ukilia kabla ya udongo kufika, unamwita. Na asiye na kaburi akiitwa anakuja kumchukua mtu wa nyumba hiyo, na mara nyingi anachukua mtoto. Mama alikuwa amekaza meno kwa ajili yangu. Udongo nao haubebwi na chochote tu. Unabebwa na mfuko wa nguo aliyolalia marehemu, unashonwa na dada yake wa tumbo moja, kwa uzi uliochomolewa kwenye nguo hiyohiyo. Uzi haukatwi kwa meno wala kwa chuma, unakatwa kwa kaa la moto. Na mfuko ule usibebe kitu kingine kabla ya udongo. Kitu chochote.

Hayo yote watoto hawaambiwi, ili wasilie.

Kesho yake akaja Sengi Milembe, dada yake baba. Sengi ndiyo shangazi kwetu. Huyu mama alikuwa na utani wa kuua mtu. Kila akiniona alikuwa anauliza, "Haya masikio naona yamefika, mwenyewe yuko nyuma?" Siku ile hakuuliza masikio. Alinawa mikono, akaketi barazani, mama akamletea ile nusu ya shuka iliyokuwa kitandani.

Nimeona mafundi wengi maishani mwangu, nimewaajiri na nimewafukuza, lakini sijaona mtu akishona vile. Kwanza alichomoa nyuzi. Alishika ukingo wa shuka, akavuta uzi mmoja taratibu mpaka shuka likajikunja kama ngozi ya mzee, uzi ukatoka mzima. Akavuta mwingine. Akaziweka nne pamoja, akazisokota juu ya paja lake kwa kiganja, akazipitisha kwenye bonge la nta ya nyuki mpaka zikawa ngumu na za njano. Kisha akakata kitambaa. Hakupima kwa futi, alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi vidole. Akakunja pindo mara mbili, akapitisha sindano ya magunia, kila mshono umemkaribia mwenzake kama meno ya mtoto. Kila uzi ulipofika mwisho mama alimletea kaa kwenye kigae, Sengi akaligusisha, uzi ukatoa moshi mwembamba, ukakatika. Nilihesabu nyuzi nikisubiri mmoja aseme kitu.

Kazi ilichukua siku mbili, na mimi nikiwa pale kwenye mkeka, jicho moja wazi. Mfuko ukaanza kuonekana. Ulikuwa na ukubwa wa daftari, ukazidi kidogo. Ukawa na mfuniko. Na siku ya pili mchana nikaona kitu kilichonifanya nishindwe hata kujifanya nimelala: Sengi aliunganisha kamba. Kamba ndefu, bapa, ya kuvaa begani. Baadaye niliambiwa kwamba udongo ule haubebwi kichwani wala mgongoni, unavaliwa kifuani mpaka nyumbani, ndiyo maana ya kamba.

Kichwa changu cha biashara kilianza mapema. Nikapiga hesabu. Luhende ametoka kwa baba. Luhende amefika, Sengi ameitwa. Sengi anashona begi la nguo lenye kamba. Baba hakupata begi la dukani, akaagiza lishonwe, na wananificha ili wanishtue. Hata huzuni yao niliielewa. Nilidhani wanalihuzunikia shuka.

Nilimuuliza Sengi anashona nini. Akaniambia nikaangalie mbuzi. Nikaenda nikiruka.

Ilikuwa Jumapili. Mfuko ukatundikwa kwenye msumari juu ya upande wa kitanda aliolalia baba. Jumatatu asubuhi mama alikwenda kisimani, Sengi alikuwa nyuma ya nyumba anaoga. Nikapanda kitandani, nikaushusha. Nikaweka daftari zangu nne. Nikaweka rula. Nikaweka matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukaushwa, mikono miwili mizima, kwa sababu mwenye begi hawezi kwenda shule na njaa. Nikavaa kamba begani, nikapita njia ya nyuma, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena hata siku niliyonunua lori la kwanza.

Kulwa aliniona kutoka mbali. Akaita wenzake, "Njooni muone, Mabula amekuja na kitanda chake." Wakacheka kweli. Nikamwambia kitanda changu kimeshonwa kwa mkono, begi lake limeshonwa na mashine, mashine haimjui. Sijui nilipata wapi maneno hayo. Mwalimu akauchukua mfuko, akaugeuza ndani nje, akawaonyesha darasa zima mishono, akasema aliyeushona huu ana mikono. Saa nne nikala viazi vyangu kutoka ndani ya mfuko ule, nikampa Kulwa viwili ili ajue sina kinyongo.

Tulikuwa kwenye somo la mwisho kabla ya mchana Sengi alipotokea mlangoni. Darasa zima tukasimama, kama tulivyofundishwa, tukasema kwa pamoja, "Shikamoo mama." Alikuwa amekuja mbio, mwanamke mtu mzima, kifua kinapanda na kushuka. Akatuitikia marahaba. Akamwambia mwalimu mtoto anahitajika nyumbani. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Nje, kwenye njia, akaniambia niuvue. Polepole, niuweke chini. Hakuugusa kwa mkono, aliufunga ndani ya kanga yake kama mtu anayefunga kitu cha moto.

"Nani alikupa?"

"Baba."

Alisimama. Akauliza baba alinipa lini. Nikamweleza yote, ahadi, Luhende, kamba, hesabu yangu yote ilivyokaa sawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kando ya njia, palepale kwenye vumbi, na nguo zake safi.

"Baba yako yuko chini ya ardhi huko Geita," akasema. "Mfuko huu ulikuwa wa kumleta nyumbani."

Nikautazama mfuko. Nikamwambia, "Hatatosha, Sengi."

Nilipoanza kulia alinibana mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, mpaka nikaonja nta. Akasema bado, Mabula, bado, si sasa, ukilia sasa utatumaliza.

Lori lilikuwa limeondoka. Lilikuwa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, lililopita Tinde kila Jumatatu na sabuni na mafuta ya taa likienda machimboni, na dereva alikuwa amekubali kumpakia baba mkubwa na Luhende. Lilipiga honi mara tatu. Wakalisindikiza kwa macho, maana watu wanakwenda kuchukua udongo na mfuko hawana.

Baba mkubwa Nkwabi hakunipiga. Nilitamani anipige. Alinisimamisha mbele yake akaniuliza, taratibu kabisa, niliweka nini ndani. Nikataja daftari nne, rula, viazi.

"Na ulivila viazi?"

"Nilivila."

"Ukavitoa humohumo?"

"Humohumo."

Akamtazama Luhende, Luhende akatazama chini. Mfuko umebeba kazi ya mtoto na chakula cha mtoto. Ukipelekwa kule utakuwa unanitaja mimi. Baba mkubwa akasema hauendi, na hakuna aliyebisha.

Shida ni kwamba nusu ya pili ya shuka ilikuwa huko chini pamoja na baba. Ile ya nyumbani ilikuwa imechakaa kwa kulaliwa, palipokuwa pazima paliingia kwenye mfuko wa kwanza, na kilichobaki ni vipande, ukingo huu, kona ile, utepe usio na upana wa vidole vitatu. Ilibidi kwanza aje mzee wa ukoo kutoka mbali aninawishe mikono, akachelewa, alikuwa na mgonjwa. Jumatatu moja ikapita. Kisha Sengi akaanza upya, akaunga vipande kwa vipande, na sasa nyuzi za kuchomoa zilikuwa fupi, zinakatika mkononi. Mimi sikuruhusiwa kukaa karibu. Nilikaa kwenye zizi la mbuzi, nikinusa kaa linavyokata uzi. Jumatatu ya pili ikapita. Mfuko ulipokamilika ulikuwa na ukubwa wa ngumi mbili, wenye maungio mengi kama ganda la kobe. Na usiku wa kuamkia Jumatatu ya tatu mvua za kwanza zikaanguka, na hazikuanguka kidogo.

Walikaa huko siku kumi. Waliporudi mfuko ulikuwa umening'inia kifuani mwa baba mkubwa, bapa, hauna kitu. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia kila neno. Alimwambia mama kwamba bonde lote ni maji, mashimo yako chini ya maji, ukikanyaga vibaya huonekani tena. Wanaapolo, wale wachimbaji wenzake baba, walikuwa wameshahama. Habari ilikuja kwamba dhahabu imeonekana upande wa Chato, na kwa siku mbili watu wote wakang'oa mahema wakaondoka. Luhende alitaka kuingia majini akapapase. Baba mkubwa alimshika shati.

Mama akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba wangechota basi hata wa pale ukingoni, bonde si ni lilelile.

"Mama Mabula," baba mkubwa akasema, "mle kuna watu wengine, na mashimo mengine. Nisije nikakuletea mtoto wa watu ukamlilia."

Wangekwenda ile Jumatatu ya kwanza, ardhi ilikuwa kavu, na watu wa kuwasaidia walikuwa bado pale. Hakuna aliyenitamkia hivyo. Mimi ndiye niliyejitamkia, na nimejitamkia mara nyingi.

Luhende akafuata wenzake. Kiangazi baba mkubwa akarudi peke yake, akakuta mashimo yamejaa matope, yanafanana kama vikombe vya dukani, hakuna wa kuuliza. Mwaka uliofuata akaugua yeye, akafa. Na mama yangu akaendelea kukaza meno.

Mtoto ana akili zake. Nilikaa na jambo lile miezi, kisha nikaona dawa. Nyuma ya shule kulikuwa na kichuguu kikubwa, udongo wake mwekundu kama kope za Luhende. Nikachimba, nikafunga fundo palipochanika ule mfuko wangu wa nailoni, nikaujaza, nikapita njia ndefu ili nionekane natoka safarini. Nikamkuta mama anapepeta karanga. Nikaweka mbele yake.

"Mama, baba huyu hapa. Lia."

Aliweka ungo chini. Akatia mkono ndani ya mfuko, akachota, akautazama udongo ule kwenye kiganja muda mrefu, na mimi nikaona kidevu chake kinatetemeka, nikajua nimefanikiwa. Kisha akapuliza kidogo.

"Huu ni wa kichuguu, mwanangu," akasema. "Una mchwa."

Akaumwaga nje, akachukua ufagio, akafagia mpaka pasionekane. Jioni alinipa nyama yake. Sikuweza kuimeza.

Watu hawakukawia kuongea. Mume amekufa Geita, na mke hajatoa chozi. Wakasema ana macho makavu. Wakasema amemtoa kafara, maana machimboni wanaamini dhahabu haiji mpaka itolewe damu, na kama dhahabu yenyewe haionekani basi ameificha. Wazee wa ukoo waliojua mila walinyamaza, au walishatangulia. Karanga za mama zikaacha kununuliwa. Kwenye misiba ya wengine akiketi kwenye mkeka wanawake walijisogeza, si kwa kumtukana, ni vile mtu anavyojisogeza penye moshi. Na huko pia hakulia, kwa sababu aliniambia siku moja kwamba akianza kumlilia mtu yeyote hatajua kusimama, ataishia kwa baba.

Darasa la tano nikaacha shule. Watu wanapenda kusema nilifuata dhahabu. Nilimfuata Luhende. Nilibeba maji, nilibeba mawe, niliuza maandazi, nikalala kwenye machimbo yote unayoyajua, na kila mahali niliuliza jina hilo moja. Kila mahali alikuwa ameondoka wiki iliyopita. Katikati ya kuuliza nikajua bei ya mchele hapa na bei yake kule, nikanunua gunia, nikauza, nikanunua mawili. Utajiri wangu wote niliuokota njiani nikimtafuta mtu mmoja. Na niseme ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza: nilipopata lori la kwanza niliacha kuuliza. Nilimjengea mama nyumba ya vigae, nikamwekea umeme, nikajiambia yameisha.

Mpaka binti yangu alipowasha kiberiti.

Jumatatu yake nilikwenda Chato mwenyewe, bila dereva. Niliuliza siku nne. Nilimkuta kwenye banda la nyavu karibu na ziwa, mapafu yake yanapiga kama cherehani mbovu, mzee kabisa. Nikamwamkia, nikamtajia jina la baba. Aliniangalia masikio, akajua. Nikamuuliza kama anaweza kuliona duara lile leo. Akasema lilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye jiwe kubwa lililopasuka, upande wa jua linapotoka, na jiwe halihami.

Nikampakia garini tukaenda Geita, na jiwe lilikuwepo. Mji ndio uliokuwa umelifuata. Luhende alihesabu hatua zake huku akipumzika kila baada ya tano, mimi nimemshika kiwiko, na hatua ya arobaini ikatufikisha kwenye ukuta wa nyumba ya mama mmoja mwenye wapangaji wanne. Nikamwambia nataka kuvunja sakafu ya chumba kimoja. Akacheka. Nikamwambia nataka kuinunua nyumba. Hapo hakucheka. Mtaa mzima ukajaa, maana mtu mwenye gari kama langu havunji sakafu ya watu bila kujua kitu, na mpaka saa sita mchana bei ilikuwa imepanda mara tatu. Mimi, ambaye sijawahi kununua hata kitunguu bila kupunguziwa, nikalipa.

Tulichimba mpaka usawa wa kifua. Udongo mwekundu ukageuka wa kijivu, na kwenye kona likatokea gogo lililooza, moja ya yale waliyozuilia kuta. Luhende akapiga magoti, akalipapasa. Akasema alama ya shoka ile ni ya mkono wake, palipokatwa kwa kupindisha. Majirani walikuwa wamejipanga dirishani wakisubiri dhahabu. Waliniona nachota kiganja kimoja cha udongo, naufunga, natoka. Wale watu mpaka leo wanadhani mimi ni kichaa, au mchawi.

Sengi Milembe bado yupo, haoni. Mfuko wa vipande alikuwa nao kwenye sanduku lake miaka yote, nami nilikuwa nimeuchukua kwake kabla ya kuchimba. Niliuvaa kifuani kutoka Geita hadi Tinde, na sikuongea na mtu safari nzima.

Tukazika kabla ya mchana, kaburi la urefu wa mtu. Mama alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, mwanamke wa miaka inayokaribia sabini. Lilipofukiwa, Sengi akampapasa mpaka akapata bega lake. Akamwambia, "Sasa wifi. Sasa unaweza."

Mama hakufanya kitu. Alitazama kaburi. Dakika zikapita, watu wakaanza kukohoa, na mimi nikawaza kwamba nimechelewa, kwamba kisima kimekauka na chote nilichofanya ni kuchimba shimo chumbani kwa watu. Kisha akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya kizee. Ilikuwa ya mwanamke wa miaka thelathini na kidogo ambaye ameletewa habari sasa hivi. Alimwita baba kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, akamuuliza kwa nini alikwenda, akamuuliza nani atalima, akamuuliza mtoto atasomaje. Wale wanawake waliokuwa wakijisogeza wakainuka mmoja mmoja, wakaja wakamshika. Alilia mpaka jua likazama, na mimi nilikaa pembeni yake chini, na suruali yangu ya bei.

Nimejumlisha kila kitu, nyumba, wachimbaji, mafuta, ng'ombe wawili, na matibabu ya Luhende mpaka siku tulipomzika yeye pia, kwa sababu mimi ni mtu ninayejua vitu vyangu vinagharimu nini. Kilio kile cha mama kilinigharimu shilingi milioni thelathini na moja, laki nne, elfu sitini na mia mbili.